Tapeli Naye Huamkia Shikamoo

"Shikamoo mzee." Simu ile ilianza hivyo. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayeishi Korogwe, akaitikia marahaba kama alivyowaitikia watoto wa watu kwa miaka 36 ya ualimu. Kijana wa upande wa pili alimtaja kwa majina yake matatu, akataja mwaka aliostaafu na shule ya mwisho aliyofundisha. Kisha akamwambia mapunjo ya mafao yake yametoka, faili liko mezani, na wastaafu wenzake wa wilaya ile wamekwisha kulipwa. Lililobaki ni shilingi 85,000 za kufungulia faili. Mjomba akatuma. Siku ya pili ikatakiwa 210,000 ya kodi. Akatuma. Siku ya tatu 345,000 ya kuhamishia fedha kutoka Hazina. Hiyo aliikopa kwa jirani, na deni hilo ndilo lililomfanya ahamie shambani wiki nzima asionekane na mtu.

Mimi nilipata habari baada ya miezi mitatu, tena si kutoka kwake. Nilipozipata nilifanya kosa ambalo naandika haya ili wewe usilifanye. Nilimpigia nikamuuliza, "Mjomba, mtu kama wewe unafanyiwaje hivyo?" Alinyamaza, akakata simu. Karibu mwaka mzima hakunieleza tena jambo lolote lihusulo fedha. Ndani ya mwaka huo akatapeliwa mara ya pili.

Kwa hiyo kabla sijakueleza la kufanya kuhusu mama yako, baba yako, bibi au shangazi aliyeko nyumbani, nataka tuelewane juu ya jambo moja. Mzee hatapeliwi kwa sababu ni mjinga. Ukiingia katika mazungumzo na wazo hilo, hata ukilificha, atalisikia, na mlango utafungwa. Tapeli hafuati ujinga wa mzee. Anafuata yale mema aliyonayo: adabu yake, neno lake, huruma yake kwa watoto, na imani aliyoijenga miaka yote kwamba mtu akikwambia ni mtumishi wa serikali, basi ni mtumishi wa serikali.

Wanakopatia njia

Kwanza tuondoe dhana. Si kweli kwamba wazee ndio wanaotapeliwa mara nyingi kuliko wote. Taarifa ambazo tume inayowalinda walaji nchini Marekani huzikusanya kila mwaka zinaonyesha kuwa vijana wa miaka ya ishirini huripoti kupoteza fedha mara nyingi zaidi kuliko watu waliofika sabini. Tofauti iko kwenye kiasi. Kijana hupigwa kidogo kidogo, mzee hupigwa kwa mkupuo. Ana kiinua mgongo, ana mifugo, ana kiwanja, ana akiba aliyoiweka kando kwa ajili ya matibabu na hata mazishi yake. Na anachokipoteza hana miaka ya kukitafuta upya.

Sasa rudi kwenye ile shikamoo. Kwa mtu aliyelelewa vizuri, salamu hiyo ni mkataba. Ukishaitikia marahaba umekwisha kumkubali anayekuamkia kuwa mtoto wako, na mtoto humkatii simu katikati ya maneno. Wewe na mimi tukipigiwa na mtu tusiyemwelewa tunabonyeza kitufe chekundu na maisha yanaendelea. Mama yako hawezi. Kwake kukata simu bila kuaga ni utovu wa adabu, hata kama aliyepiga ni mwizi. Matapeli wanalijua hili kuliko tunavyolijua sisi, ndiyo maana lugha yao kwa wazee ni laini, ya "mzee wangu", ya "mama yangu", ya "Mungu akubariki".

Jambo la pili ni jinsi fedha ilivyosafiri katika maisha yao. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata. Mtu aliyezaliwa mwaka 1953 alikuwa na miaka 55 siku huduma hiyo ilipobisha hodi. Kabla ya hapo alituma hela kwa bahasha, akampa kondakta wa basi, na bahasha ikafika. Hakuwa mpumbavu kumwamini kondakta, kwa sababu alimjua kwa sura, alijua basi linalala wapi, na kondakta alijua kwao ni wapi. Ulinzi ulikuwa ni kujuana. Simu iliondoa ule ulinzi, ikabakiza ile tabia ya kuamini. Wazee wetu walifundishwa kubonyeza vitufe vya kutumia huduma, lakini sijui ni wangapi kati yetu tuliokaa nao chini tukawaambia kwamba mtu anayejitaja kwenye simu anaweza kuwa yeyote.

Kuna na la mwili wenyewe. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles walichapisha matokeo ya jaribio la kuwaonyesha watu picha za nyuso. Nyuso za kuaminika vijana na wazee walizipima sawa. Lakini zile zenye dalili za ulaghai, wazee walizipa imani kubwa kuliko vijana, na sehemu ya ubongo inayompa mtu hisia ya "hapa pana kitu" haikuchangamka kwao kama kwa vijana. Utafiti mwingine, wa Stanford mwaka 2018, uliwachangamsha watu hisia kabla ya kuwaonyesha matangazo ya uongo. Wazee waliosisimuliwa, iwe kwa furaha au kwa hasira, walivutiwa zaidi kununua kuliko wale waliokuwa wametulia. Kwa vijana nao msisimko ulifanya hivyo hivyo. Hilo la pili ndilo ninalolishika sana. Linaeleza kwa nini simu ya "umeshinda" na simu ya "mjukuu wako kapata ajali", ambazo hazifanani kabisa, zinafanya kazi ile ile moyoni.

Wachumi nao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu mikopo na kadi za benki Marekani, waligundua kwamba watu hufanya makosa machache kabisa ya fedha wakiwa na umri wa karibu miaka 53. Kabla ya hapo mtu hana uzoefu wa kutosha, na baada ya hapo uwezo wa kuchambua hushuka polepole. Kinachotatiza ni kwamba kule kujiamini hakushuki pamoja nao. Mzee wa miaka 75 anajiona na jicho lile lile la fedha alilokuwa nalo akiwa mhasibu wa ushirika. Ndiyo maana kumwambia "wewe sasa huwezi" ni kumtukana, na hakusaidii.

Na upweke. Hili niliseme kwa uchungu kwa sababu lilinihusu. Nilipokaa na mjomba baadaye tukaangalia simu yake pamoja, tulihesabu kwamba yule kijana alimpigia mara 11 ndani ya siku tatu. Alimuuliza kuhusu presha. Alimuuliza kama mvua zimenyesha. Mimi, mwezi ule mzima, nilikuwa nimempigia mara moja, nikiwa ndani ya daladala, nikamwambia nitakupigia baadaye.

Sura za utapeli wenyewe

Meseji iliyozoeleka Tanzania ni ile ya "ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la fulani". Haionyeshi kumlenga mtu, na nguvu yake iko hapo hapo. Inatumwa kwa maelfu, ikitegemea kwamba miongoni mwao yupo mama aliyekuwa anataka kumtumia mwanawe hela saa ile ile. Ile "jina litakuja" ni ya makusudi. Simu huonyesha jina la mwenye laini kabla hujaingiza namba ya siri, na hicho ndicho kizingiti pekee kati ya hela yako na mwizi. Tapeli anakitoa kizingiti hicho mapema, kwa kukuandaa ulione jina geni na usishtuke.

Ile ya dharura ina ukatili zaidi. Anayepiga ni "mwalimu" au "daktari": mtoto ameanguka, yuko hospitali, vipimo havifanyiki mpaka hela ilipwe. Nyuma yake zinasikika kelele za watu. Bibi anayelea wajukuu ambao wazazi wao wako mjini hana muda wa kufikiri, maana akikosea upande wa pili, akisubiri halafu ikawa kweli, atajilaumu mpaka kufa. Anachagua kupoteza hela. Mimi nisingethubutu kumlaumu mtu kwa uchaguzi huo. Siku hizi hata sauti ya mtu unayemjua inaweza kuigwa kwa kompyuta kutokana na kipande kifupi alichokituma kwenye kundi la WhatsApp, hivyo "nilimsikia mwenyewe" si ushahidi tena.

Halafu kuna "nimekosea namba, naomba nirudishie". Meseji inakuja ikifanana kabisa na ya kampuni ya simu, ila imetoka kwenye namba ya mtu. Baada ya dakika mtu analia kwenye simu kwamba ile ilikuwa hela ya dawa. Mzee anarudisha hela ambayo haikuingia kamwe. Uaminifu wake ndio ulioibiwa hapo.

Na kuna ule mkubwa wa vikundi. Wengi wanaikumbuka DECI, iliyofungwa na serikali mwaka 2009. Viongozi wake walikuwa wachungaji, na lugha yake ilikuwa ya "kupanda mbegu" na "kuvuna". Waliotangulia walivuna kweli, kwa hela za waliokuja nyuma yao, na hao waliovuna ndio waliokwenda kuwaleta dada zao, wazee wa kanisa na majirani. Hakuna tangazo linaloshinda jirani yako wa miaka 30 anayekuonyesha mabati mapya. Tena kwa mtu aliyecheza upatu maisha yake yote na hajawahi kudhulumiwa, mchezo wa namna hiyo unafanana na kitu anachokijua. Tofauti ni kwamba kwenye upatu kila mtu anajua hela inayotoka ni ya nani na zamu inayofuata ni ya nani. Muulize mzee wako swali hilo moja kuhusu mpango wowote anaoletewa: hela ninayolipwa inatoka mfukoni kwa nani? Akikosa jibu, jibu amelipata.

Sitaki kuruka lile tusilopenda kulisema. Mara nyingine mwizi yuko ndani ya nyumba. Mjukuu anayetumwa kwa wakala na namba ya siri ya bibi, mtoto anayejua siku ambayo pensheni inaingia, binamu anayekopa kwa jina la mzee kupitia simu yake. Mzee anajua, na hasemi, kwa sababu kusema ni kuvunja ukoo. Ukiona salio la mama linapungua na hakuna simu ngeni aliyopokea, usikimbilie kutafuta tapeli wa mbali.

Wanamjuaje?

Watu huuliza tapeli alijuaje majina matatu na shule. Majibu yake ni ya kawaida kabisa. Makundi ya WhatsApp ya wastaafu, yenye mamia ya watu wasiojuana wote, ambako majina na namba za simu viko wazi kwa kila aliyemo. Matangazo na orodha zinazobandikwa ukutani, kisha mtu akazipiga picha na kuzisambaza. Na daftari la wakala, ambalo sikulifikiria mpaka siku moja nilipokuwa nimesimama kwenye foleni nikajikuta nasoma jina, namba, kiasi na saini ya mama aliyetoka kutoa laki nne. Lilikuwa wazi juu ya meza, na kalamu imefungwa kwa kamba pembeni. Mwambie mzee wako ajue hivi: mtu kukujua jina si dalili kwamba anatoka ofisini. Maneno hayo tu, yakirudiwa, yana kazi kubwa.

Sasa fanya haya

Anza na safari, au kama haiwezekani, anza na simu ndefu. Usimpe somo. Msimulie jinsi wewe mwenyewe ulivyokaribia kupigwa, au ulivyopigwa, maana yamekukuta. Mimi nilimweleza mjomba kuhusu kiwanja nilichotoa kishika uchumba kabla sijaonana na mwenye nacho, na hela ikaenda. Ndipo naye alipofungua mdomo. Mzee hatakuungamia kosa lake kama wewe unajifanya hujawahi kukosea.

Mkishafungua mazungumzo, wekeaneni sharti moja: jambo la hela lilale. Lolote litakalokuja kwa simu, zuri au baya, halitumiwi hela siku hiyo hiyo mpaka limelala usiku mmoja na mtu mmoja wa nyumbani amelisikia. Ukikumbuka lile la Stanford utaona kwa nini ninalipa uzito huu. Usingizi unashusha msisimko, na tapeli hawezi kungoja mpaka asubuhi, kwa hiyo ataanza kuhimiza, kugomba, au kutisha. Huko kuhimiza ndiko kutakakomfichua. Tena sharti hili linampa mzee namna ya kutoka bila kuvunja adabu. Anasema, "Mwanangu, kwetu jambo la hela hulala. Nipigie kesho." Hajamkatia mtu simu wala hajamwita mtu mwizi. Mfanyishe mazoezi ya maneno hayo hasa, kwa sauti, mara mbili tatu. Wengi wao wanajua hawapaswi kutuma. Wanachokosa ni sentensi ya kuagia.

Dharura ya mtoto haiwezi kulala, hivyo iwekeeni njia yake. Kama nyumbani mnacho kilugha, kitumieni. Mjomba wangu sasa akipigiwa na "mjukuu" mwenye namba mpya humsemesha Kisambaa kwanza. Asiyejibu Kisambaa hapewi hata mia. Kama watoto wenu hawakijui, na mijini wengi hawakijui, chagueni swali ambalo halipo popote kwenye simu: mbwa wa nyumbani aliitwa nani, mwembe ulioanguka ulikuwa upande gani wa choo. Na kwa "mwalimu" au "daktari", mzee aombe jina la hospitali, akate, apige namba aliyonayo ya mzazi wa mtoto. Hospitali haitaenda popote.

Tenganisha laini. Hili ni rahisi na watu hawalifanyi. Ile namba ambayo mzee amekuwa nayo miaka 15, inayojulikana kwa kanisa, kwa msikiti, kwa kikundi cha kufa na kuzikana na kwa kila wakala wa mtaani, ibaki ya kupigiwa tu, na isikae na hela. Msajilie nyingine ya kupokelea na kutunzia fedha, inayojulikana na watu watatu au wanne. Meseji ya "ile hela" ikija kwenye ile ya kwanza, haitakuta kitu. Na kiinua mgongo kikiingia, kikae benki, kwenye akaunti ambayo haijaunganishwa na simu ya mkononi, hata kama maana yake ni kupanda basi kwenda mjini kutoa. Usumbufu huo wa safari ni ulinzi.

Namba ya siri ni suala la vidole kuliko la kichwa. Wazee wengi hutaja namba zao kwa sauti mbele ya wakala kwa sababu hawaoni vizuri herufi za kwenye kitochi. Lakini tazama kitufe cha 5 kwenye simu nyingi za aina hiyo: kina kinundu kidogo. Mfundishe mama kukitafuta kwa dole gumba, kisha afuate njia ya kwenda kwenye tarakimu nyingine akihesabu kutoka hapo, juu, chini, kulia, kushoto. Mrudie jioni tatu mfululizo, gizani, bila kuangalia. Bibi aliyeshona mikeka maisha yake yote ana vidole vyenye kumbukumbu kuliko vyako. Namba isiwe mwaka wa kuzaliwa, na isiandikwe nyuma ya simu. Na amzoee wakala mmoja, mwenye fremu na si wa mwavuli anayehama, nawe nenda ukajitambulishe kwa wakala huyo umpe namba yako. Wakala anayemjua mzee na kumjua mwanawe anaweza kusema, "Mama, laki tatu hii unamtumia nani?" na swali hilo limeokoa watu.

Ukiwa bado uko nyumbani, chukua simu yake ubonyeze *106# kuangalia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, na laini zisizosajiliwa kuanza kuzimwa Januari 2020, tapeli anahitaji kidole cha mtu. Vidole rahisi kupatikana ni vya wazee, ambavyo jembe limevisugua mpaka mashine haisomi. "Haijakubali, weka tena bibi," anaambiwa, na kila kuweka tena kunaweza kuwa laini nyingine inayouzwa mjini. Ukikuta namba asiyoijua, mpeleke kwenye duka la mtandao husika ikafutwe. Siku moja polisi wataitafuta namba hiyo, na jina litakalokuja ni lake.

Andika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu, ubandike karibu na anapochajia simu: jina lako na namba yako, jina la mtu wa pili, na namba ya huduma kwa wateja, ambayo Tanzania ni 100. Aliyeko Kenya na mtandao wa Safaricom aandike pia 333 ya kupelekea namba za matapeli.

Ikiwa imekwisha kutokea

Neno la kwanza ni pole. La pili ni, "Umefanya vizuri kuniambia." Yaseme hata kama kifua kinawaka, kwa sababu saa ya kwanza ndiyo yenye matumaini, na mzee anayegombezwa huanza kuficha mambo ambayo ungeyahitaji: alituma ngapi, saa ngapi, kama alitaja namba ya siri.

Halafu piga huduma kwa wateja hapo hapo, ukiwa na namba ya muamala iliyo kwenye meseji, uombe hela izuiwe kwenye namba iliyopokea. Kama bado haijatolewa kwa wakala, upo uwezekano wa kuirudisha. Kwa Safaricom, aliyetuma huipeleka meseji ya muamala kwenda 456. Kama aliitaja namba ya siri, ibadilishwe dakika hiyo, na kama aliulizwa taarifa za benki, ipigie benki kabla ya kitu kingine chochote. Meseji za tapeli usizifute. Kwa Tanzania, zipeleke pamoja na namba iliyozituma kwenda 15040, huduma iliyowekwa kwa kazi hiyo. Kisha nenda naye kituo cha polisi, upewe RB, yaani namba ya taarifa yako polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015, na kampuni ya simu au benki itahitaji RB hiyo kabla ya kukupa ushirikiano wa maana. Nenda naye wewe. Usimtume peke yake akasimulie aibu yake mbele ya kaunta iliyojaa watu.

Baada ya hapo ongeza umakini, kwa sababu namba yake sasa inajulikana kuwa inatuma. Ndani ya wiki chache atapigiwa na "afisa wa upelelezi", au "wakili", aliyekwisha kumkamata mwizi na anayehitaji kiasi kidogo tu ili kurudisha fedha zote. Mjomba wangu alipigwa mara ya pili kwa njia hii. Alitaka sana kurudisha ile hela kimya kimya, bila kutushirikisha mimi na ndugu zangu, na kiu hiyo ndiyo waliyoinywea.

Jambo moja zaidi, na ulitazame kwa utulivu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rush mjini Chicago walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee zaidi ya 900 ambao mwanzoni hawakuwa na ugonjwa wa kusahau (dementia). Wale waliokuwa wepesi kuingia kwenye mitego ya ulaghai walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata ugonjwa wa Alzheimer miaka iliyofuata. Haina maana kwamba kila aliyetapeliwa anaugua. Lakini kama baba, mtu aliyejulikana kwa kubana shilingi, ameanza kutoa ovyo, anarudia kulipa aliyekwisha kulipa, anachanganya noti alizozijua, au anaamini kila anayepiga, usiishie kumbadilishia laini. Mpeleke akaonane na daktari, ukieleza hayo ya fedha kama unavyoeleza homa.

Na mpigie. Mimi na mjomba, ambao kama ilivyo kwetu tunaitana "mjomba" wote wawili, tuna simu yetu ya Jumatano na ya Jumamosi jioni. Hatuzungumzi fedha. Ananieleza kuhusu mihogo, namweleza kuhusu kazi. Katikati ya wiki hunipigia mwenyewe pakiwa na jambo. Wiki mbili zilizopita ilikuwa saa tatu asubuhi. "Mjomba," akasema kwa sauti ya chini, "kuna kijana kwenye ile simu nyingine, ameniamkia vizuri sana, anasema ni wa mafao. Nimemwambia asubiri kidogo nizungumze na nyumbani." Nilimuuliza kijana anasemaje. Nikamsikia anaishika ile simu ya pili, anasikiliza, kisha anairudisha mezani. "Amekata," akasema.